Konea ya kushoto: kisa cha mtu wa -6.00 aliyepangiwa leza

Tuchukue mwanamke wa miaka 26. Miwani alianza akiwa na miaka 9, lenzi za machoni akiwa na 19, na sasa hizo lenzi anakaa nazo saa 12 mpaka 14 kwa siku. Ikifika jioni zinamkwaruza. Namba yake ya miwani ni -6.50 na astigmatizimu (jicho kupinda mwanga isivyo sawa pande zote) ya -0.75 jicho la kulia, -6.00 na -1.75 jicho la kushoto. Akivua kila kitu, maandishi huyaona sawasawa yakiwa kama sentimita 15 au 16 tu kutoka jichoni. Amechoka, na uchovu wake unaeleweka.

Alikwenda kupimwa siku mbili baada ya kuvua lenzi. Unene wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ulikutwa maikroni (elfu za milimita) 512 kulia na 504 kushoto, wakati wastani wa watu ni karibu 540. Akaambiwa Lasik (leza inayonyoa chini ya kifuniko kilichokatwa kwenye konea) itabana, lakini PRK (leza inayonyoa juu, bila kifuniko) itafaa, na tarehe akapewa. Swali lake ni moja: akubali?

Jibu letu ni hapana. Jicho la kushoto lisiguswe na leza, na la kulia nalo liachwe. Namba ya miwani siyo iliyoamua hivyo, wala unene peke yake, ndiyo maana kisa hiki kinastahili kupitiwa hatua kwa hatua.

Hesabu ya maikroni

Kutoona mbali kwa kiasi hiki hutokana na jicho kuwa refu. Ya kwake yana milimita 26.4 na 26.1, ilhali jicho la kawaida lina 23 hadi 24, hivyo mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Leza haifupishi jicho. Inachofanya ni kubapisha konea katikati ili nguvu yake ya kupinda mwanga ipungue. Leza ya eksaima, yenye mawimbi ya nanomita 193, inanyoa konea takriban robo ya maikroni kwa kila pigo. Kilichonyolewa hakioti tena.

Ipo kanuni ya haraka ya Munnerlyn ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu: zidisha kipenyo cha eneo linalonyolewa kwa chenyewe, gawa kwa 3, unapata maikroni za kila dayopta, yaani kila namba moja ya miwani. Eneo la milimita 6.5 linatoa karibu maikroni 14. Mashine zenyewe mara nyingi hula zaidi kidogo, kwa sababu zinalainisha na ukingo.

Jicho la kushoto lina mhimili mmoja, yaani mwelekeo mmoja wa kupinda mwanga, wenye jumla ya -7.75 (-6.00 na -1.75). Hiyo ni namba ya miwani, inayokaa kama milimita 12 mbele ya jicho. Ikihamishiwa juu ya konea yenyewe inashuka hadi karibu -7.1. Zidisha kwa 14, ni maikroni 100 za kunyoa. Lasik inataka pia kifuniko cha konea kikatwe na kuinuliwa, tuseme maikroni 110. Toa 110 na 100 kwenye 504, zinabaki 294 chini ya kifuniko.

Kanuni ya zamani inasema zisipungue 250. Kwa hiyo amefaulu, na daktari mwenye haraka angeishia hapo. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: 210 zilizoguswa, ukizigawa kwa 504, ni asilimia 41.7 ya konea nzima. Kuanzia asilimia 40 hatari ya konea kulegea inapanda wazi, hata kwa mtu ambaye ramani ya umbo la konea yake ilikuwa safi. Sababu ni kwamba nyuzi za sehemu ya mbele ya konea zimesukana kwa kukazana kuliko za nyuma. Mbele ndiko kwenye nguvu. Kifuniko kikishakatwa, hata kikirudishwa kikaonekana kimeshika, hakibebi tena mzigo kama zamani. Jicho la kulia kwa hesabu hiyo lina asilimia 39.8, yaani limesimama mlangoni.

Kuna njia ya kuifanya karatasi ipendeze. Punguza eneo kutoka milimita 6.5 hadi 6.0, na kila dayopta itakula maikroni 12 badala ya 14. Kushoto kutanyolewa 85, na asilimia itashuka hadi 38.7. Amepita! Ila mboni zake gizani zinatanuka hadi milimita 7. Usiku mwanga utaingia kupitia ukingo ambao haukunyolewa, na kila taa ya gari itavaa duara. Konea nayo haijaongezeka nguvu hata kidogo. Kilichobadilika ni namba kwenye karatasi. Ukiona eneo la leza limepunguzwa chini ya upana wa mboni yako ya gizani, uliza limepunguzwa kwa sababu gani, na usubiri jibu.

Kipimo kingine kinachofaa ni alama za Randleman za mwaka 2008, zinazojumlisha umri, unene wa konea, maikroni zitakazobaki, namba ya miwani na ramani. Alama 4 na kuendelea ni hatari kubwa. Kwa Lasik ya eneo la 6.5, jicho la kushoto linapata 1 kwa umri wa miaka 26, 2 kwa unene wa 504, na 1 kwa mabaki ya 294. Tayari ni 4, na ramani bado hatujaifungua.

Ramani, na kwa nini ya kwanza haikufaa

Konea iliyovaa lenzi miaka saba ni kama godoro lililolaliwa: ukiamka halirudi hapohapo. Lenzi laini zinataka kuvuliwa wiki mbili kabla ya kupima, na zikiwa za kurekebisha astigmatizimu, kama zake, ni heri ziongezwe siku. Lenzi ngumu zinataka wiki nne au zaidi, mpaka vipimo viwili vilivyopishana wiki kadhaa vifanane. Yeye alipimwa baada ya siku mbili.

Katika ramani hiyo, nusu ya chini ya konea ilikuwa imeinuka kuliko nusu ya juu kwa dayopta 1.2 kulia na 2.3 kushoto. Tofauti inayozidi 1.4 ni ya kutilia shaka. Kliniki ilisema ni lenzi tu. Dhana hiyo ina mantiki, maana lenzi kweli zinaweza kuivuruga konea mpaka ifanane na yenye ugonjwa. Kosa lilikuwa kuiamini bila kuipima.

Namna ya kuipima ni rahisi na haina gharama kubwa zaidi ya subira. Avue lenzi kabisa, avae miwani, arudie mashine ileile baada ya wiki tatu, kisha tatu nyingine. Kulia ilishuka hadi 0.3 na kukaa hapo. Kushoto ilishuka hadi 1.7, na wiki ya sita ilikuwa bado 1.7. Kilichokuwa cha lenzi kimeondoka. Kilichobaki ni cha konea yenyewe.

Ramani ya mbele haitoshi kumhukumu mtu, kwa hiyo tulitazama mambo mengine manne. La kwanza ni uso wa nyuma wa konea: umeinuka, na umeinuka upande wa chini. La pili, sehemu nyembamba kuliko zote haiko katikati bali iko chini kuelekea kwenye sikio, nayo ina maikroni 497. (Ile 504 ilipimwa katikati. Daima uliza ni wapi konea ilipimwa. Kwa 497 asilimia ya Lasik inafika 42.3.) La tatu, ngozi ya juu ya konea, ambayo kwa kawaida ina kama maikroni 50, pale chini imebaki 43 huku kandokando ikiwa 53. Konea ikituna kwa ndani, ngozi hukonda juu ya kituno na kunenepa pembeni, ikijaribu kusawazisha. Ndiyo maana uso wa mbele huficha, na wa nyuma husema kwanza. Ingekuwa lenzi tu, mahali hapo ngozi isingekonda hivyo.

Palipochongoka, palipo pembamba na palipotuna kwa nyuma ni mahali pamoja. Vitu vitatu visivyotegemeana vikikutana sehemu moja, hatuwezi tena kusema ni bahati mbaya ya mashine.

La nne halihitaji mashine kubwa. Miwani yake ya miaka miwili iliyopita ilikuwa na astigmatizimu ya -1.00 kushoto, sasa ni -1.75, na mhimili umezunguka nyuzi 15. Kulia hakujabadilika zaidi ya robo dayopta. Kwa leza tunataka mabadiliko yasizidi nusu dayopta kwa miezi 12, lakini hapa cha kushtua zaidi ni kwamba ni jicho moja linalokwenda na ni astigmatizimu inayopanda. Kwa miwani bora kabisa jicho la kulia linasoma 6/6, la kushoto linakwama 6/7.5. Na ukimulika jicho hilo kwa retinoskopu, tochi ya kutazamia mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho, mwanga haupiti moja kwa moja kama unavyopita kulia. Unafunguka na kufunga kama mkasi.

Huu ni mwanzo wa keratokonasi, ugonjwa wa konea kukonda na kuchongoka kama koni. Kwa kiwango chake cha sasa angeweza kuishi nao miaka bila kujua.

Alipoulizwa kama anafikicha macho, alijibu hapana. Watu wengi hujibu hivyo, na hawadanganyi. Alipoulizwa aonyeshe anavyofanya macho yakimwasha, alikunja kidole cha shahada, akakandamiza kifundo kwenye kona ya jicho la kushoto, akazungusha mara nane au tisa. Anafanya hivyo kila siku, hasa akivua lenzi. Swali la ndiyo au hapana halitoshi. Mwambie mtu aonyeshe.

"Lakini PRK haina kifuniko"

Ndiyo hoja aliyopewa, na kwa hesabu tupu inakubalika: PRK inaondoa ngozi ya maikroni 50, inanyoa 100, zinabaki 354, na asilimia ni chini ya 30. Kwa mtu mwenye konea ya 504 na ramani safi, tungeitetea PRK bila kusita.

Tatizo ni kwamba hesabu hizi zote zinadhani konea ni nzima. Asilimia 40 ni mpaka wa konea yenye nguvu ya kawaida. Konea ambayo imeshaanza kulegea haijulikani mpaka wake uko wapi, ila inajulikana kwamba inalegea hata bila kuguswa. Daktari wa macho Theo Seiler na wenzake walipoeleza konea kutuna baada ya Lasik, mwaka 1998, walifungua macho ya fani nzima juu ya jambo hili. Baada ya PRK hutokea kwa nadra zaidi, lakini hutokea, na ramani yenye kasoro ni miongoni mwa sababu zinazoonekana mara kwa mara. Mtu anaona vizuri mwaka wa kwanza, labda wa pili, kisha jicho linaanza kurudi nyuma. Astigmatizimu inayokuja safari hii haina mpangilio, miwani haiishiki, na anaishia kwenye lenzi ngumu, zilezile alizokuwa akizikimbia, au hata kupandikizwa konea.

SMILE, ambapo leza hukata kipande ndani ya konea na kipande hicho kikatolewa, nayo hutajwa kama kimbilio. Ni kweli inaingilia kwa tundu dogo la milimita 2 hadi 4 na haiachi kifuniko. Lakini kipande kinachotolewa ndani ni cha dayopta zilezile, pamoja na maikroni chache za ziada ili kiweze kushikika. Konea kutuna baada ya SMILE kumeripotiwa pia.

Basi afanye la kulia tu? Hapa tunamwelewa kabisa, maana ramani ya kulia ni safi na angefurahi kupata hata jicho moja. Makubaliano ya wataalamu wa dunia ya mwaka 2015 yalisema waziwazi kwamba keratokonasi ya kweli ya jicho moja haipo. Jicho moja hutangulia tu. Kulia kuna asilimia 39.8 kwa Lasik, na ni konea ya mtu yuleyule. Hatungeigusa.

Ipo pia tiba inayochanganya leza kidogo na kukaza konea. Lengo lake ni kunyoosha umbo la konea iliyochongoka ili lenzi au miwani ifanye kazi vizuri, na kunyoa kwake kuna kikomo kidogo. Haimtoi mtu wa -6.00 kwenye miwani. Akiuziwa kwa ahadi hiyo, akatae.

Kama ramani zingekuwa safi

Tunaliweka hili kwa sababu wasomaji wengi wana namba kama zake na konea zisizo na kasoro. Angefanyiwa PRK hivi: matone ya ganzi, kisha pombe ya asilimia 20 inawekwa ndani ya kipete kwa sekunde 20 hadi 30 ili ngozi ilegee na kufutwa. Leza yenyewe inakwisha kwa muda usiofika dakika moja kwa kila jicho. Kwa kuwa namba ni kubwa, kitambaa chenye mitomaisini ya asilimia 0.02 kinawekwa kwa muda mfupi, kisha panasafishwa kwa maji mengi. Bila hiyo konea ya namba kubwa huwa na mwelekeo wa kuota ukungu. Mwisho ni lenzi laini ya kufunika kidonda, inayokaa siku 4 au 5.

Siku mbili tatu za mwanzo zinauma, na mtu aambiwe hivyo kabla. Matone ya ganzi asipewe kwenda nayo nyumbani kujitilia apendavyo, kwa sababu yanazuia ngozi kuota na yanaweza kuiua konea. Matone ya steroidi huendelea wiki hata miezi, yakipunguzwa polepole, na presha ya jicho ipimwe katika muda wote huo, kwa kuwa kwa baadhi ya watu yanaipandisha kimyakimya. Uoni hutulia kwa wiki kadhaa. Mwenye kazi ya kusoma skrini asipange kurudi baada ya siku tatu.

Machozi yake pia yangetakiwa kutibiwa kabla. Siku ya kwanza utando wa machozi ulikatika baada ya sekunde 6, ilhali tunataka 10 au zaidi. Wiki ya tatu bila lenzi ulifika 9. Leza hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, na jicho kavu hukauka zaidi kwa miezi.

Afanye nini sasa

Kwanza, mkono utoke machoni. Matone ya mzio ya kila siku, kama olopatadini, na kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa badala ya kifundo cha kidole. Hii ndiyo sehemu ya tiba iliyo mikononi mwake, nasi tunaihesabu kuwa nzito kuliko matone yote.

Akirudi kwenye lenzi, avae zile za kutupa kila siku, kwa saa chache, akipumzika kwa miwani. Jicho la kushoto likizidi kuona vivuli, lenzi ngumu kubwa inayokaa juu ya weupe wa jicho, ikiwa imebeba maji kati yake na konea, itampa uoni ambao miwani haiwezi.

Ramani irudiwe baada ya miezi mitatu au minne, kisha kila miezi sita, kwa mashine ileile na lenzi zikiwa zimevuliwa wiki mbili. Tutakachokitafuta ni kilele cha konea kupanda kwa dayopta 1 au zaidi, sehemu nyembamba kuendelea kukonda, au astigmatizimu kupanda tena. Kikionekana, konea ikazwe mapema: riboflavini inadondoshwa kwa dakika 30, halafu mwanga wa urujuanimno dakika 30 nyingine kwa utaratibu wa asili. Inahitajika konea ya angalau maikroni 400 baada ya ngozi kuondolewa. Yake itabaki na kama 454, na hiyo ni akiba asingekuwa nayo kama leza ingekuwa imepita.

Miezi 12 ikipita bila mabadiliko, ndipo lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho izungumzwe. Inawekwa nyuma ya iris (duara la rangi la jicho), mbele ya lenzi ya asili, kupitia tundu la kama milimita 3. Haili konea na inaweza kutolewa. Nafasi ya mbele ya jicho lake ni milimita 3.2, na kiwango cha chini kinachotumika sana ni 2.8, kwa hiyo anaingia. Lakini ni upasuaji wa ndani ya jicho: maambukizi ni nadra ila ni mabaya, lenzi ikikaa karibu mno na ya asili inaweza kuleta mtoto wa jicho, ikikaa juu mno inaisukuma iris mbele na kupandisha presha. Seli za ukuta wa ndani wa konea zihesabiwe kabla, na kila mwaka baadaye. Kushoto isahihishe kile chenye mpangilio tu. Kilichosalia cha keratokonasi kitabaki.

Retina ikaguliwe kwa matone ya kutanua mboni, leza au pasipo leza, maana jicho la milimita 26 lina retina iliyovutwa, nayo inaweza kuchanika. Akiona miale ya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea au pazia pembeni, aende siku hiyohiyo. Ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe ramani, hasa wanaofikicha macho.

Karatasi zote za vipimo, zikiwemo zile za siku ya kwanza, azichukue na kuzitunza mwenyewe. Ramani ya mwakani haina maana bila hii ya kuilinganisha nayo.